Paka wa Ghorofani: Jinsi Uchochoro Mzima Ulivyomtafuta

Paka akipotea mtaani, kwanza watu huulizana: "Hamjamwona paka wangu?" Kila mtu hujibu hapana, na kila mtu husema kweli. Paka wa ndani aliyeshtuka hakai pa kuonekana. Hujibana kwenye kiza na kunyamaza, hata akiitwa na aliyemlea. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani kwamba lau angekuwa karibu angeitika.

Ndiyo maana nataka kueleza kazi iliyofanywa na majirani wa uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, walipomtafuta paka jike wa bibi anayeishi ghorofa ya pili. Paka huyo, mwenye mabaka meusi na ya chungwa, alitoroka mafundi walipokuwa wakibandua chokaa ya ukutani kwa nyundo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa eneo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Animals, uliokusanya habari za paka zaidi ya 1,200 waliopotea, ulionyesha kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walikotorokea. Inasikika kama karibu, lakini duara la mita 500 kila upande lina takriban hekta 79, na Mji Mkongwe wote ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 una hekta 96. Kwa hesabu hiyo unautafuta mji mzima! Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba paka asiyezoea kutoka nje haendi mbali kama yule anayezurura. Basi majirani wakaanza na mita 50, eneo lisilofika hekta moja, na wakakubaliana kulimaliza kabla ya kuvuka.

Hekta moja ya Mji Mkongwe si jambo dogo. Nyumba zimeegemeana, mapaa yamekaribiana, chini maduka na juu wanaishi watu. Mna stoo, visima vya zamani, vyumba vilivyofungwa na wenyewe wako safarini. Hapa kipimo cha kazi ni milango, si mita.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyobadilisha ombi. Badala ya kuuliza kama ameonekana, waliomba kufunguliwa. "Assalaam aleikum, Bi Mkubwa. Samahani kwa usumbufu, tunaomba tuangalie wenyewe chini ya ngazi." Tofauti ni kubwa. Mwenye nyumba aliyeulizwa hujibu kwa kumbukumbu. Aliyeombwa kufungua huinuka na ufunguo. Na sitara ikalindwa: majumbani aliingia mpwa wa bibi pamoja na jirani mwanamke, madukani wakaingia vijana wa barazani wanaofahamiana na wenye maduka. Bila mgawanyo huo nusu ya milango ingebaki imefungwa kwa heshima tu, na hakuna ambaye angelaumiwa.

Picha pia ilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hilo ni jema, maana wapo paka wanaochukuliwa na wasamaria na kulishwa nyumba ya tatu. Lakini picha huleta pia habari nyingi za paka wengine, kwa hiyo bibi aliificha alama moja: ncha ya mkia iliyopinda. Kila aliyepiga simu aliulizwa kuhusu mkia.

Stoo ya duka la vitambaa ilikuwa kikwazo. Mwenyewe alifungua kwa moyo safi, akaangaza tochi, akasema hayumo. Marobota yalikuwa yamepangwa hadi darini na hayakuweza kuhamishwa. Wakati wa kufunga, wakanyunyiza unga mwembamba sakafuni, wakaweka kipande cha samaki na maji katikati. Asubuhi samaki hakuwepo. Panya angeweza kumla, lakini unga ulikuwa na alama za mviringo, vidole vinne, bila ncha za kucha, kwa kuwa paka anapotembea huzirudisha ndani. Nyayo za panya ni ndogo na kucha huonekana.

Usiku uliofuata wakaingia wawili tu, taa zimezimwa. Tochi ilishikwa usawa wa jicho, na hapo wengi hukosea kwa kuishika kiunoni. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kule ulikotoka, hivyo mwenye kuuona mng'ao ni yule ambaye jicho lake liko karibu na taa. Nyuma ya marobota, chini ya ngazi, yaliwaka macho mawili ya kijani.

Hakuna aliyemvuta. Mlango ulifungwa, bibi akaitwa, akakaa chini na kikapu chenye kanga yake, akazungumza kwa sauti ya kawaida mpaka mnyama akatoka mwenyewe. Nyumbani alipewa chakula kidogo kidogo, na kesho yake akapelekwa kwa daktari wa mifugo, kwa sababu paka aliyekaa siku kadhaa bila kula, hasa mnene, anaweza kudhurika ini.

Kisha mpwa wa bibi akapita tena mlango kwa mlango kutoa habari na shukrani. Asingefanya hivyo, watu wangeendelea kuacha stoo wazi usiku, na paka wa mtaani mwenye mabaka kama yale angeshikwa bure na kupelekwa ghorofani.