Nundu ya Kidole Gumba: Kukwangua Mfupa Hakutoshi

Anayeshuka Lyamba lya Mfipa kwa miguu, kutoka uwanda wa Ufipa hadi Muze kwenye bonde la Ziwa Rukwa, hushuka karibu mita 1,000. Kwenye mteremko wa namna hiyo wayo husukumwa mbele ndani ya kiatu. Kiatu kikiwa chembamba mbele vidole hubanana, na mwenye nundu pembeni mwa kidole gumba ndiye wa kwanza kuchechemea.

Wengi huidhania nundu hiyo kuwa mfupa uliozidi. Kwa sehemu kubwa ni mfupa uleule uliohama. Mfupa mrefu wa wayo unaobeba kidole gumba huchepuka kuelekea mguu wa pili, nacho kidole hulalia wenzake. Kwenye kiungo chao kichwa cha mfupa hujitokeza. Kano nazo zikishahama, huzidi kukivuta kidole upande huohuo. Kiatu kikisugua hapo ngozi huwa nyekundu, na kifuko cha majimaji kilicho chini yake huvimba na kuuma.

Je, kosa ni la kiatu? Mwaka 1958 Sim-Fook na Hodgson walichapisha utafiti wao wa Hong Kong uliolinganisha watu 118 waliovaa viatu na 107 wasiovaa. Kidole kilichopinda kilionekana kwa asilimia 33 ya waliovaa, na kwa asilimia 1.9 tu ya wasiovaa. Tofauti ni kubwa, lakini theluthi mbili ya wenye viatu walisalimika, na miongoni mwa wapekupeku wapo waliopata. Kiatu huchochea, ila umbo la mguu na ulegevu wa viungo, ambavyo mtu huvirithi, navyo vina sehemu yao.

Kwa hiyo tiba huanzia kwenye upana wa kiatu. Mnadani tunachagua mitumba kwa namba, yaani urefu, na upana tunausahau. Jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, simama juu ya karatasi, uchore wayo, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu hicho kiache. Katambuga haina ubaya mradi mkanda wake usipite juu ya nundu, na kiatu cha ngozi fundi anaweza kukitanua kwa kalibu. Maji baridi na dawa ya maumivu hutuliza. Vitenganishi vya vidole hupunguza msuguano, lakini kwa mtu mzima havirudishi mfupa mahali pake.

Maumivu yakiendelea, hufuata eksirei, na ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Akilala, uzito hauukandamizi wayo na pembe huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kidole kikiinama zaidi ya digrii 15 huhesabiwa kuwa kimepinda. Kikipita 40 hali ni mbaya.

Upasuaji ni kwa ajili ya maumivu yanayozuia kazi, si sura ya mguu. Kukwangua nundu peke yake ni kuchonga nguzo iliyoinama badala ya kuisimamisha: pembe hubaki, na nundu huweza kurudi. Daktari bingwa wa mifupa huukata mfupa wa wayo, huusogeza na kuushikiza kwa skrubu. Upinde mdogo hukatiwa karibu na kichwa cha mfupa. Mkubwa hurekebishwa karibu na shina lake, na kiungo kilicholika huunganishwa kabisa. Mfupa huchukua takriban wiki 6 kuunga, na uvimbe huendelea kwa miezi. Mkulima wa mpunga asubiri mavuno yaishe, kwani kidonda na tope havipatani.

Hata hivyo, kiungo kikivimba ghafla usiku mmoja, kikawa chekundu na cha moto, huenda ni jongo au maambukizi, wahi zahanati. Mwenye kisukari asijikate kwa wembe nyumbani, maana mguu uliokufa ganzi hausemi umeumia. Na anayepelekwa kwa rufaa hospitali ya Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) amuulize daktari kabla ya kusaini fomu: mfupa utasogezwa, au nundu itaondolewa tu?