Kalvin Phillips: Kiungo Aliyepunguziwa Uwanja

Bidii ni sifa ambayo sisi watazamaji wa kandanda huitoa kwa wepesi mno, na aghalabu humpa mchezaji ambaye hatujui tumsifu kwa lipi jingine. Kijana akionekana anakimbia huku na huko dakika zote 90, akatoka uwanjani jezi imelowa jasho, basi tunasema huyo ni kiungo punda, ana mapafu, na mjadala hukomea hapo. Na akiwa, fauka ya hayo, amezaliwa katika mji uleule wa klabu yake, na alikuwa akiishangilia tangu utotoni, bidii yake hupewa sababu ya pili iliyo nyepesi kuliko ya kwanza, nayo ni mapenzi. Kalvin Phillips wa Leeds United alisifiwa kwa njia zote mbili hizi, wala sisemi kwamba walimsifu kwa uongo. Walakini hakuna hata moja kati yazo ielezayo jinsi kiungo wa daraja la pili nchini Uingereza, aliyekwisha kutimiza miaka 22 bila ya jina lake kutajwa sana nje ya mkoa wa Yorkshire, alivyogeuzwa kwa muda wa miaka mitatu akawa mmoja wa watu 11 walioanza fainali ya Kombe la Ulaya. Dai langu ni kwamba siri ya mageuzi hayo haikuwa kuongezewa kitu, bali kunyang'anywa: alinyang'anywa nusu ya uwanja, akaamriwa kuimaliza bidii yake yote katika nusu iliyobaki.

Alizaliwa mjini Leeds tarehe 2 Desemba 1995, akakulia Wortley, mtaa usio mbali na uwanja wa Elland Road, akachezea timu ya watoto wa mtaa huo hata alipofikia miaka 14, ndipo klabu ikamchukua katika chuo chake cha vijana. Mechi yake ya kwanza ya wakubwa ilikuwa Aprili 2015, ugenini kwa Wolverhampton Wanderers, na Leeds walifungwa 4-3. Klabu aliyoingia haikuwa tena ile ya sifa za kale. Ilikuwa imeshuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2004, ikazama hata daraja la tatu, ikarejea la pili, na makocha walikuwa wakipita hapo kama wapangaji, kila mmoja na shauri lake. Katika fujo hiyo Phillips alijifunza kucheza kwa namna ambayo kijana mwenye nguvu hujifunza asipokuwa na mwalimu mmoja: alicheza kila mahali. Alikuwa namba 8, anayetoka kwenye kumi na nane ya kwake hadi kwenye kumi na nane ya wapinzani, na hakuwa hafifu katika kazi hiyo, kwani Agosti 2017 alifunga mabao mawili Leeds wakiwashinda Bolton 3-2, na msimu ule akamaliza na mabao 7. Lakini aliyemtazama kwa makini aliona taksiri moja: kila alipofika mbele, nyuma yake palibaki uwazi usio na mwenyewe, na alipolazimika kurudi kuuziba alifika akiwa amechelewa, akakata mguu wa mtu, akaandikiwa kadi. Mbio zake zilikuwa nyingi, na nusu yazo zilikuwa za kulipa deni lililotokana na nusu nyingine.

Mwezi Juni 2018 akaja Marcelo Bielsa, Muargentina aliyekwisha kuzifundisha Argentina, Chile, Athletic Bilbao na Marseille, mtu wa tabia za pekee, ambaye katika majira yale ya kwanza aliuliza shabiki wa kawaida wa Leeds hufanya kazi saa ngapi apate fedha za tiketi moja, na alipoambiwa saa tatu, akawaamuru wachezaji waokote takataka kwa saa tatu. Kisa hicho kimesimuliwa mno kana kwamba ndicho kilichoigeuza timu. Mimi nakiona ni pambo tu. Kilichoigeuza timu ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Bielsa hutaka nyuma pawe na mtu mmoja zaidi ya washambuliaji wa wapinzani, wala hataki wazidi hapo. Wapinzani wakiwa na mshambuliaji mmoja, mabeki wa kati wawili wanatosha. Wakiwa na wawili, lazima wawe watatu. Waliobaki uwanjani, kila mtu na mtu wake, wanakabana mtu kwa mtu uwanja mzima. Sasa kocha ambaye kila wiki hukutana na mfumo mwingine ana njia mbili: ama abadilishe wachezaji kila wiki, ama apate mtu mmoja anayeweza kuwa beki na kiungo ndani ya mchezo uleule bila ya timu kusimama ikamngojea. Phillips ndiye aliyefanywa mtu huyo. Dhidi ya mshambuliaji mmoja, alisimama peke yake mbele ya mabeki, akimkaba namba 10 wa wapinzani, na timu ikawa 4-1-4-1. Dhidi ya wawili, alirudi akaingia baina ya mabeki wa kati, hao wakatanuka kulia na kushoto, mabeki wa pembeni wakapanda, na timu ikawa 3-3-1-3. Alikuwa bawaba ya mlango: mlango hufunguka na kufungwa, watu huingia na kutoka, na bawaba haiondoki mahali pake, lakini ikilegea mlango wote huanguka.

Kusema hivi ni rahisi. Kumfundisha mtu ambaye miguu yake imezoea kwenda mbele ni jambo jingine. Tarehe 21 Agosti 2018 Leeds walikuwa ugenini kwa Swansea City, timu iliyojua kuutunza mpira, na mapema kabisa ikadhihirika kwamba Phillips ameshindwa kushika mahali pake: mara ameufuata mpira, mara amemfuata mtu, na pale alipopaswa kuwapo hapakuwa na mtu. Bielsa hakungoja mapumziko. Katika dakika ya 28 akamtoa, mbele ya macho ya watu wote, bila ya jeraha wala kadi nyekundu. Mechi ikaisha 2-2. Wengi walidhani kwamba jaribio limekwisha, na kwamba atatafutwa kiungo mkabaji wa kununuliwa. Kumbe kutolewa kule kulikuwa somo, si hukumu, kwani baadaye akarudishwa palepale, katika nafasi ileile. Ukitaka kuyaingiza mapenzi ya klabu katika uchambuzi huu, yaingize hapa: mchezaji mgeni, mwenye wakala wa kumnong'oneza, pengine angeomba kuondoka baada ya fedheha ya namna ile, yeye alirudi mazoezini.

Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kubembelezana. Katika kiwanja cha Thorp Arch wachezaji walipimwa uzito kila siku, wakapunguzwa miili, na mara moja kwa wiki kulikuwa na mchezo wa 11 kwa 11 ambao hauna faulo, hauna mpira wa kurushwa, hauna kituo. Mpira ukitoka, wasaidizi wa kocha wanaurusha mwingine papo hapo, na huku wanapiga kelele watu wasisimame. Mashabiki husimulia mchezo huo kama mateso ya mapafu. Kwa kiungo wa nyuma faida yake ilikuwa ya macho. Mpira usiposimama, hakuna nafasi ya kujipanga upya. Kila mpira mpya unapoingia, kiungo lazima awe amekwisha kujua mtu wake yuko wapi, beki gani amepanda, na uwazi umefunguka upande gani, kwa maana akianza kutafuta baada ya mpira kuingia, amechelewa. Tazama picha za Phillips wa mwaka 2017, kisha za mwaka 2020, na usiuangalie mpira, mwangalie shingo yake. Yule wa kwanza huungojea mpira akiukodolea macho. Wa pili hugeuza kichwa nyuma ya bega la kushoto, kisha la kulia, kabla pasi haijamfikia, na inapomfikia mwili wake umekwisha kukaa ubavu, mguu wa mbali ndio unaopokea, hivyo mguso wa kwanza wenyewe unamtazamisha goli la wapinzani.

Hapo ndipo inapoingia pasi ndefu, ambayo ilimpatia jina la utani la Pirlo wa Yorkshire, jina tamu lakini lenye kupotosha, maana Andrea Pirlo alikuwa na watu wa kumkabia, ilhali Phillips alikuwa mkabaji na mpigaji kwa wakati mmoja. Katika timu inayokaba mtu kwa mtu, wapinzani hulazimika nao kuvutwa huku na huko, na winga wa upande wa mbali mara nyingi hubaki ana kwa ana na beki mmoja. Pasi fupi fupi haziwezi kuufikia uwazi huo kabla haujafungwa; lazima mpira uruke. Mfano bora ni wa tarehe 12 Septemba 2020, siku Leeds waliporejea Ligi Kuu baada ya miaka 16, wakiwa Anfield mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa. Leeds walikuwa nyuma kwa penalti ya Mohamed Salah. Phillips akaupata mpira ndani ya nusu yake, akainua kichwa mara moja, akaupiga ukakata uwanja hadi kwa Jack Harrison upande wa kushoto. Harrison akautuliza kwa mguso mmoja, akamhadaa Trent Alexander-Arnold, akaingia ndani, akafunga. Mechi ile ilipotea kwa 4-3, lakini katika bao hilo ulionekana mfumo mzima: mtu mmoja aliyesimama, na mpira uliokimbia kwa niaba yake.

Mfumo huu ulikuwa na ugonjwa wake, nao lazima utajwe. Mtu kwa mtu maana yake ni kwamba mmoja akizidiwa, hakuna wa kumfidia ila yule aliye huru nyuma. Desemba 2020, kule Old Trafford, Scott McTominay wa Manchester United alitoka katikati ya uwanja akafunga mabao mawili katika dakika tatu za kwanza, na Leeds wakalala 6-2. Phillips alikuwapo siku hiyo, na hakuweza kuuzuia mto ule. Hata hivyo waliishia nafasi ya 9 wakiwa na pointi 59. Thamani ya bawaba ikadhihirika vizuri zaidi ilipotoka. Desemba 2021 akaumia msuli wa paja katika mechi na Brentford, siku ambayo nahodha Liam Cooper naye aliumia, na mwezi wa Februari 2022 Leeds wakafungwa mabao 20 katika mechi 5, yakiwamo 6 ya Liverpool na 4 ya Tottenham, ndipo Bielsa akafukuzwa. Sitasema kwamba mabao yote hayo yangezuiliwa na mtu mmoja, kwani majeruhi walikuwa wengi. Lakini mengi kati yake yalipitia katika uwanja uleule mdogo aliokuwa amekabidhiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba timu ya taifa haikumtumia hivyo. Gareth Southgate alimweka Declan Rice nyuma, na Phillips akapelekwa mbele kidogo, karibu na kazi yake ya zamani. Tarehe 13 Juni 2021, Wembley, katika mechi ya Kombe la Ulaya na Croatia, alipokea pasi ya Kyle Walker, akapenya baina ya Wacroatia, na kwa wakati uleule ambao beki alikuwa anajitupa, akampenyezea Raheem Sterling aliyefunga bao pekee la mchezo. Mbio zile zilikuwa zilezile za namba 8 aliyewafunga Bolton mwaka 2017, lakini mtu alikuwa mwingine: sasa alijua ni lini aziache na ni lini azitumie. Mwaka ule mashabiki wa England wakamchagua kuwa mchezaji bora wa timu ya taifa.

Julai 2022 Leeds wakamuuza kwa Manchester City kwa takriban pauni milioni 42, na huko maarifa yake mengi yakakosa soko. Kiungo wa nyuma wa kocha Pep Guardiola hamfuati mtu, hulinda eneo. Hapigi mpira wa kukata uwanja, huutoa kwa mguso mmoja au miwili kwa mtu aliye hatua chache. Na mahali penyewe palikuwa tayari na kiungo mwingine, Rodri. Phillips alicheza kidogo mno, kocha akasema hadharani kwamba amerudi kutoka Kombe la Dunia akiwa na uzito uliozidi, kauli ambayo baadaye aliiombea radhi, kisha ikafuata mikopo ya West Ham na Ipswich. Wale wasemao kwamba bidii ilimwishia hawajauliza bidii ile ilifungwa juu ya nini. Huku Leeds, katika majira yaleyale, wakawanunua Tyler Adams na Marc Roca, wakawaweka wote wawili kwa pamoja mbele ya mabeki, pale alipokuwa akisimama mmoja, na Mei 2023 wakashuka daraja.