Mabano ya Lisp

Mwanafunzi akimwonyesha kosa, fundi mzuri wa Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hakimbilii kufuta. Anausoma ujumbe mpaka mwisho, kisha anapeleka kishale kwenye bano la kufungia na kutazama ni bano lipi huko nyuma litakalomulikwa. Napenda sana kumtazama mtu akifanya hivyo, bila haraka.

Katika hesabu za shuleni, bano la ziada halimdhuru mtu: unaliongeza kwa tahadhari na jibu linabaki lile lile. Katika Lisp bano ni amri. Andika ((+ 1 2)) katika Scheme, mojawapo ya lahaja za Lisp, na mashine itapata 3, kisha itajaribu kuiita 3 kana kwamba ni fanksheni, na hapo ndipo italalamika. Andika (1 2 3) bila kutanguliza ritifaa, utalalamikiwa vivyo hivyo, safari hii kwa sababu ya 1. Ukisahau kufunga bano, hulalamikiwi kabisa. Mashine inanyamaza ikikusubiri umalize ulichoanza, nawe unadhani imekwama. Wanaoanza hutoka jasho hapa, kwa sababu jicho husoma kile mtu alichokusudia na kuruka alichoandika.

John McCarthy alipoibuni lugha hii katika chuo cha MIT mwaka 1958, alikusudia watu waandike kwa mtindo mwingine, wenye sura ya hesabu zaidi. Mwenzake Steve Russell akaifanya iendeshwe kwenye kompyuta ya IBM 704, mabano yakazoeleka, na ule mtindo mwingine haukufika.

Lakini kinachonivutia zaidi ni jinsi Common Lisp, lahaja nyingine ya lugha hii, inavyompokea aliyekosea. Ukitaja kigeu kisichokuwapo, programu husimama pale pale, thamani zake zote zikiwa mahali pake, nawe unapewa chaguo: itumie thamani nyingine mara hii, iweke moja kwa moja, jaribu tena, au acha. Mwaka 1999 programu ya Lisp ndani ya Deep Space 1, chombo cha NASA, ilikwama angani, na mafundi waliokuwa duniani wakaichunguza ikiwa bado hai.

Siku hizi anayeanza hubonyeza "acha" kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Anafuta, anaandika upya, au anaunakili ujumbe ili mashine nyingine imsomee. Inaniuma, maana dakika ile programu ilikuwa tayari kusema ni fanksheni ipi ilipewa nini, na hakuna aliyeiuliza.