Kibonyezo si Kidato: Uhakiki wa Istilahi "Ufuatiliaji wa Kibodi" katika Sinthesaiza za Programu

Makala haya yanahakiki istilahi moja ndogo. Katika sinthesaiza za programu, osileta, yaani sehemu inayozalisha wimbi la sauti, huwa na kidhibiti kinachoamua kidato kibadilike kwa kiasi gani mpigaji anapohama kutoka kibonyezo kimoja cha kinanda hadi kingine. Tafsiri sisisi ya jina lake la Kiingereza hutupatia "ufuatiliaji wa kibodi". Msomaji akikutana na maneno hayo pasipo muktadha atadhani kuna mtu anayepeleleza anachokiandika kwenye kompyuta. Hilo tunaweza kulivumilia. Tusiloweza kulivumilia ni kwamba istilahi hii inazungumzia kiasi bila kutoa nafasi ya kukitaja.

Itifaki ya MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983, inapotuma taarifa ya kibonyezo haitaji kidato. Hutaja namba tu, kuanzia 0 hadi 127. Namba hiyo ni kama herufi: haina sauti mpaka isomwe, na kidhibiti tunachokijadili ni kanuni ya usomaji wake. Kikiwekwa kwenye asilimia 100, kila kibonyezo huongeza senti 100 na oktava hutimia baada ya vibonyezo 12. Kikiwekwa 50, hutimia baada ya 24, na robo toni hupatikana. Kikiwekwa 0, vibonyezo vyote hutoa kidato kimoja, jambo linalofaa kwa milio ya ngoma. Kikiwa hasi, mkono ukienda kulia sauti hushuka. Kitenzi "kufuatilia" hakibebi lolote kati ya hayo: kitu ama kinafuatiliwa ama hakifuatiliwi. Programu zenye swichi ya kuwasha na kuzima tu zimejengwa juu ya fikra hiyohiyo.

Athari yake inaonekana wazi tukiitazama amadinda ya Buganda, yenye vibao 12 na vidato vitano katika oktava, kila hatua ikikaribia senti 240. Mwanafunzi anayeiga ala hiyo kwa asilimia 100 atalazimika kuchagua hatua za senti 200 na 300, akikosea kwa takriban senti 40 hapa na 60 pale. Akiweka 240, egemeo likiwa kibonyezo 60 chenye Hz 261.63, kibonyezo 61 kitatoa Hz 300.53, na kibonyezo 65 kitatoa Hz 523.25, yaani oktava kamili. Pale kidhibiti kisipovuka 100, programu nyingi huruhusu namba ya kibonyezo itumike kama chanzo cha pili cha kurekebisha kidato. Hapo ataongeza senti 140 kwa kila kibonyezo. Asisahau egemeo: asilimia ikibadilishwa, vibonyezo vyote huhama isipokuwa hicho.

Hata hivyo, siungani na wanaokiona kidhibiti hiki kuwa ukombozi wa muziki wetu. Mafundi wa amadinda hulinganisha vibao kwa sikio, na hatua za ala halisi hazilingani kikamilifu. Asilimia 240 huzinyoosha zote, kama vile asilimia 100 inavyofanya kwa kipimo chake. Anayetaka ala fulani mahususi anahitaji jedwali linalokipa kila kibonyezo kidato chake. Surge XT, kwa mfano, husoma majedwali ya muundo wa Scala.

Napendekeza "mwitikio wa kidato kwa kibonyezo". Mwitikio hukubali kiasi: mkubwa, mdogo, hasi, wa asilimia 240. Muundo huohuo unahudumia pia kichujio, ambacho nacho huweza kuitikia kibonyezo. Ni istilahi ndefu, nakiri, na studioni itakatwa ibaki "mwitikio"; sioni ubaya, maadamu kiitikio cha wimbo kina jina lake. Asasi za istilahi, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ziwasikilize kwanza wapigaji na waunda programu, kisha kidahizo kitaje mambo matatu: kiasi katika asilimia, kibonyezo cha egemeo, na kama mwitikio ni wa mstari mmoja au wa jedwali.