Sifa ya Meli-Taa ya Nantucket

Vyombo vya bahari huundwa ili vitoke mahali viende mahali. Meli-taa huundwa ili itiwe nanga penye hatari na ikae papo hapo, pale ambapo mnara wa taa hauwezi kusimama kwa ajili ya kina au mchanga usiotulia. Waingereza waliweka ya kwanza mlangoni mwa mto Thames mwaka 1732, na Wamarekani wakaufuata mfano huo katika karne iliyofuata. Katika makala haya tumeichagua moja, Nantucket namba 112, ambayo sasa ni makumbusho katika bandari ya Boston, kwa sababu imepewa sifa ambayo twaona haina budi kuchunguzwa kabla haijakaririwa darasani.

Sifa yenyewe ni kwamba ilikuwa "Sanamu ya Uhuru ya baharini". Maana yake ni wazi. Kituo cha Nantucket, kilichoanzishwa mwaka 1854 kuyalinda majahazi na mafungu ya mchanga yaliyo kusini mwa kisiwa cha jina hilo, kilikuwa mbali na nchi kavu kuliko vituo vyote vya meli-taa vya Marekani. Wahamiaji waliotoka Ulaya kwenda New York waliiona taa yake kabla hawajaiona ardhi. Tamathali hii ni nzuri, wala hatuikatai. Lakini tuulize, kama tuulizavyo mbele ya shairi lolote: nani asemaye, na amesimama wapi? Asemaye ni abiria. Amesimama kwenye sitaha ya meli kubwa ipitayo, na ikiisha kupita, taa imekwisha sahauliwa.

Aliyekuwa ndani ya meli-taa aliona mengine. Meli za Atlantiki zilijielekeza kwenye ishara ya redio iliyotolewa na meli-taa, hata ishara iliyowaokoa wengi ikawa ndiyo inayomwita mgongaji. Tarehe 15 Mei 1934, katika ukungu mzito, meli ya Kiingereza Olympic, nduguye Titanic, iliifuata ishara hiyo mpaka ikaikata namba 117, iliyokuwa zamu kituoni. Olympic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000. Namba 117 haikufikia hata 1,000. Kati ya watu 11 walikufa 7. Wala onyo halikukosekana: Januari ya mwaka huo huo meli nyingine ilikuwa imeikwaruza ubavuni na kuivunjia vifaa.

Namba 112 ilizaliwa na msiba huo. Waingereza walilipa fidia, na mwaka 1936 ikaundwa Wilmington, Delaware: urefu wake futi 149 hivi, kuta zake za chuma mara mbili, ndani imegawanywa vyumba vingi visivyopitisha maji. Sisi tuliozoea tungo za maombolezo tunaona kwamba mwenye kuzisoma kuta hizo vizuri hasomi uhuru. Anasoma hofu ya watu waliokwisha zika wenzao.

Na watu hao walikuwa nani? Miongoni mwa mabaharia wa kituo hicho walikuwamo wenye asili ya Cape Verde, visiwa vya Afrika vilivyotawaliwa na Wareno hadi 1975, ambao wazee wao walifika Massachusetts kwa meli za kuwinda nyangumi. Basi sifa inayomtukuza mhamiaji aliyeonyeshwa taa imemsahau mhamiaji aliyeiwasha. Hata kazi ya mikono ya mabaharia imekumbukwa kuliko wao: vikapu vya henzirani, ambavyo katika karne ya 19 walivisuka kuua uchovu wa miezi ya kukaa bure, vimekuwa fahari ya kisiwa na bei yake si ya maskini.

Isipokuwa miaka ya vita, 1942 hadi 1945, namba 112 ilishika zamu mpaka 1975. Mwaka 1983 meli-taa ya mwisho ya kituo hicho ilipisha boya kubwa lisilo na mtu. Mwaka 1989 serikali iliitangaza namba 112 kuwa alama ya historia ya taifa, lakini tangazo halizibi tundu. Ilihamishwa bandari hii na ile, mpaka mwaka 2009 ikauzwa kwa dola moja tu kwa chama kilichokubali kuitunza. Mwaka uliofuata ikakokotwa hadi Boston, na huko kazi ya kukwangua kutu ikaanza.