Nani ameongezewa shamba?

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Endarasha, Kieni. Mjukuu wangu anayesomea hisabati chuoni alinisomea kichwa cha makala aliyoandika kwa Kiswahili: "Mnara usio na kikomo wa nyongeza za mashamba." Nyanyake, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua uso: "Ni nani huyo ameongezewa shamba?"

Tulicheka. Hata hivyo, mama huyo alikuwa ameihakiki tafsiri kuliko profesa.

"Guka, kwani 'field' si shamba?" kijana alijitetea. Ndiyo, kwa mkulima. Kwa mwanahisabati ni mkusanyiko wa namba ambamo unajumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya (ila kwa sifuri) bila kutoka nje yake. Namba nzima na sehemu zake, kama 1/2 au 3/4, zinatosha kuunda mmoja. Kipeuo cha pili cha 2 hakimo humo. Kiongeze pamoja na vyote vinavyozaliwa nacho, upate mkusanyiko mpana zaidi. Ongeza kipeuo cha kipeuo hicho, upate mwingine. Endelea hivyo, ghorofa juu ya ghorofa, bila kufika paani. Huo ndio mnara.

Mjerumani Richard Dedekind aliipa dhana hii jina Körper, yaani mwili, mwaka 1871. Wafaransa nao husema corps, mwili vilevile. Wanaotumia Kiingereza ndio walioipeleka kondeni. Basi kwa nini tutafsiri chaguo la Kiingereza kana kwamba ndilo dhana yenyewe?

Wapo watakaopendekeza "uga". Ni neno zuri, ila wanafizikia wameshalitwaa katika "ugasumaku". Mimi ningesema "mwili wa namba", kwa kuwa mwili hujitosheleza, na "upanuzi" badala ya "nyongeza". "Mnara" ubaki, hapo kijana hakukosea.

Suala hili si mzaha wa jikoni. Ipo minara ambayo kila ghorofa huamuliwa na ile iliyo chini yake, na kwa miongo kadhaa haikujulikana kama yote lazima ikome. Mwaka 1964 Golod na Shafarevich walithibitisha kwamba mingine haikomi kamwe. Natamani kijana aweze kumweleza nyanyake habari hiyo kwa Kiswahili, naye aelewe walau umbo lake.

Nampongeza kwa kuthubutu. Lakini istilahi ikimfanya msikilizaji aulizie hatimiliki, kosa si la msikilizaji.