Injini Iliyokamata

Mtu akikuta pikipiki ya zamani imegoma kuzunguka, kwa kawaida anapanda juu ya kiki na kuikanyaga kwa uzito wote wa mwili. Ikikataa anaruka tena, na injini iliyokuwa na tatizo moja inapata la pili, maana meno ya gia ya kiki hayakuundwa kubeba mtu mzima anayeruka. Fundi ninayemsifu hapa anaanza kwa kuangalia kama pikipiki iko kwenye gia. Msicheke. Zipo injini zilizokwisha kuombolezwa ambazo zilihitaji tu mtu wa kutafuta nyutro.

Ikiwa kweli imekamata, basi tunaingia kwenye kazi yenyewe, na huku kwetu pwani kazi hiyo haiishi. Chukua Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda waliifikiria kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki huenda asibadilishe oili kwa wakati, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo badala ya kutegemea cheni ndefu inayotaka kukazwa kila mara. Ni injini iliyoundwa istahimili kutumiwa vibaya. Kutotumiwa kabisa ni ugonjwa mwingine. Siku inapozimwa mara ya mwisho, huenda valvu moja ikabaki wazi, na hapo upepo wa bahari unapata mlango wa kuingia ndani ya silinda, kaskazi na kusi, mwaka hadi mwaka. Ringi ni za chuma, ukuta wa silinda ni wa chuma, na vyote viwili vinashika kutu vikiwa vimegusana. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Pengo lililokuwa jembamba kuliko unywele linajaa, halafu linabana.

Kwa hiyo fundi anashughulika na pengo. Nguvu zake, mafuta yake na moto wake vyote ni njia za kulirudisha.

Anafungua plagi, anamimina mafuta, anaondoka. Kila gereji ina mchanganyiko wake: wapo wa dizeli na oili nyepesi, wapo wanaoapa kwa asetoni iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, ambayo inabidi itikiswe kila mara kwa kuwa viwili hivyo havipendi kukaa pamoja. Kopo la WD-40 lina heshima kubwa madukani, lakini lilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Kupenya kutu iliyokwisha kukomaa si kazi iliyolileta duniani. Mimi niko upande wa dizeli na subira. Mama mmoja aliyeleta pikipiki ya marehemu mumewe alikuja mara kwa mara kuitazama, na kila mara aliikuta imekaa vilevile, haijaguswa.

"Fundi, mbona hugongi?"

"Bado inakunywa, mama."

Alidhani anadanganywa. Kumbe hilo ndilo lililokuwa jibu la kitaalamu.

Wakati silinda inakunywa, kuna bolti za kava. Hizi ni za chuma zilizozama ndani ya aluminiamu, na penye chumvi na unyevu metali hizo mbili haziwezi kukaa kwa amani; aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe unaoshika nyuzi za bolti. Hapa moto unasaidia kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukilipasha kava hadi tone la maji liruke juu yake, tundu linapanuka kuliko bolti iliyomo. Lakini aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Chuma kinakuonya kwa wekundu. Aluminiamu inakaa na weupe wake hadi mwisho, kisha inamwagika. Ndiyo maana fundi mzuri haachi mwali wa gesi utulie mahali pamoja.

Kisha spana. Kwanza anakaza kidogo, jambo linalomshangaza kila mwanafunzi, ili kutu ivunjike upande mmoja kabla ya kufungua upande wa pili. Anakwenda nyuma na mbele, robo kwa robo, huku mkono wake ukisikiliza. Bolti inayoachia hutoa mlio mkavu, mfupi, halafu inalia lia kila inapozungushwa. Inayokaribia kukatika hainung'uniki: inageuka kwa ulaini wa uongo, kama mua unaosokotwa. Aliyeusikia ulaini huo mkononi anasimama palepale na kurudi kwenye mafuta. Sijui kipimo cha kiwandani kinachofundisha jambo hili vizuri kuliko bolti yenyewe.

Pistoni inaachwa ya mwisho. Silinda hedi ikishatoka, unaona imesimama wapi, na hapo ndipo uamuzi ulipo. Ikiwa katikati ya safari yake, fundi anachonga kipande cha mti kinachokaribia kuujaza mdomo wa silinda na kukigonga polepole, pigo dogo, tone la mafuta, pigo dogo. Ikiwa juu kabisa, kugonga ni kosa, kwa kuwa mkono wa pistoni umenyooka na pigo lote linashukia beringi za shafti bila kuzungusha chochote. Basi silinda ndiyo inayoinuliwa kutoka kwenye pistoni, kwa kuibembeleza kushoto na kulia. Mapezi yake ya kupozea yanavunjika upesi, na hakuna anayekuuzia pezi moja.

Ya mama yule ilikuwa katikati. Ilishuka upana wa ukucha, ikakwama, ikashuka tena. Fundi hakushangilia. Alipitisha kidole ndani ya silinda, akakuta mashimo ya kutu yanayokwaruza ncha ya kidole, akamwambia itabidi ichongwe upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Mama akauliza bei. Wakaanza kupatana.